Sajini Aliyenikataza Kubeba Sukari

Sajini hakujua kuongea polepole. Hata akitaka chumvi alitoa amri, na yeyote aliyekaa karibu na kichupa cha chumvi alijikuta amesimama. Kwa miaka mingi alikula katika hoteli yangu pale Voi, nyuma ya soko, kabla hatujazungumza jambo lolote la maana. Aliingia alfajiri, kofia mkononi, akaketi kwenye meza ile ile inayotazama mlango, akaagiza uji usiotiwa sukari na yai moja la kuchemsha. Wengine wote walikula mahamri na mbaazi. Yeye alimenya yai lake taratibu, akalimaliza, akavaa kofia na kuondoka bila kuaga. Kazi yake jeshini ilikuwa kuwafundisha makuruta mazoezi ya viungo, na ingawa alikuwa amestaafu, mgongo wake ulikuwa haujapata habari hizo.

Mimi wakati huo nilikuwa mwanamke mnene. Sisemi hivyo kwa kujidharau. Miaka ile ya sabini mwanzoni, mwenye hoteli mnene alikuwa ndiye kibao cha hoteli yake. Watu walinitazama nikipita kwa shida kati ya meza mbili wakasema hapa kuna chakula. Mjane kama mimi, kanga yangu haifiki kuzunguka kiuno, nilionekana mtu aliyejiweza, na nilipenda kuonekana hivyo.

Lakini ukisimama mlangoni pa hoteli yangu ulikuwa unauona mlima wa Sagalla wote, na asubuhi ulionekana mpaka moshi wa majiko ya huko juu. Huko ndiko kwetu, na huko ndiko alikoishi mama yangu pamoja na kaka yangu. Barabara ya gari ilikuwa haijafika upande wetu. Ulipanda kwa miguu, kwa njia ya mawe, na mama naye hakutaka hata kusikia habari ya kuhamia chini. Alisema huku bondeni ni kwa homa na tembo. Nilikuwa na miaka minne sijapanda. Nilijaribu mara moja nikakomea kwenye kijito cha kwanza, moyo unanipiga mpaka masikioni. Tangu siku hiyo, kila kaka aliposhuka sokoni na kuuliza nitakuja lini, nilimwambia hoteli haina mtu wa kuiangalia. Ulikuwa uongo, na sote wawili tulijua.

Kisha siku moja kaka akaja na maneno mapya. "Mama macho yanamwisha," akasema. "Anaona ukungu. Amesema nikwambie uje akiwa bado anakuona."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilimpelekea Sajini uji wake mwenyewe, nikavuta kiti.

"Sajini, nataka unifanyishe mazoezi."

"Mimi nafundisha askari. Hapana fundisha mama."

"Daktari amesema moyo wangu unabeba watu wawili. Presha iko juu, magoti yameanza kulalamika."

"Hiyo ni shauri ya daktari," akasema, akiendelea kumenya yai. "Shauri yako wewe ni gani?"

Nikamwambia habari ya mama. Aliacha yai. Alitazama nje, mlimani.

"Kesho saa kumi na moja na nusu," akasema. "Na hapana vaa viatu vya kanisa."

Nilitegemea atanipeleka uwanjani anirushe kamba, kama nilivyosikia wanavyofanya watu wa Nairobi. Sajini hakunipeleka popote wiki ya kwanza. Alikaa hotelini akanitazama nikifanya kazi, na kila alichokiona kimefanywa na mtu mwingine kwa niaba yangu, alikinyang'anya akanirudishia. Maji yalikuwa yakiletwa kwa mkokoteni; akaamuru nusu niteke mwenyewe. Kuni zilikuja zimepasuliwa, akaamuru nipasue. Kigoda changu kando ya jiko, ambacho nilikikalia tangu kufungua hoteli, alikichukua akaenda nacho nyumbani kwake na sikukiona tena. "Mwili yako iko kazini," alisema, "lakini kazi iko kwa wengine."

Juu ya chakula alinishangaza zaidi. Hakunikataza ugali wala wali. Aliniuliza kwa siku nakula mara ngapi. Nikamjibu mara mbili, na sahani yangu ni ndogo, aulize mtu yeyote. Akaweka bakuli karibu na jiko, na kando yake mahindi makavu. "Kila ukionja, weka punje moja." Basi nikaonja mchuzi, nikaweka. Nikaonja mbaazi kama zimekolea nazi, nikaweka. Kipande cha hamri kilichopasuka, kisiharibikie bure, nikaweka. Jioni Sajini alimwaga mahindi yale mezani mbele ya wateja. Ukiyatia maharagwe na kuyachemsha, yangetosha pure ya kumshibisha mtu mzima.

"Huyu ni nani amekula hii yote?" akauliza.

Wateja wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nilimchukia Sajini siku hiyo kutoka moyoni, lakini kesho yake nilizionja mbaazi mara moja tu.

Mizani hakuitaka. Mwenye duka la nafaka aliwahi kunikaribisha nipande kwenye mizani yake ya mahindi, na Sajini akanizuia mlangoni. "Mizani ni ya gunia," akasema. "Gunia haiendi mahali." Alinipima kwa kamba ya mkonge aliyoizungusha kiunoni mwangu juu ya nguo, akatia fundo, na kila mwezi akatia fundo jingine. Mafundo yaliposogea hakunisifu. Alisema tu, "Mhm," kama mtu aliyepokea barua aliyoitegemea.

Baada ya wiki ya kwanza tulianza kutembea alfajiri, kwenye njia ya kando ya mashamba ya mkonge. Yeye mbele, mimi nyuma naburura miguu. Nikianza kusimulia habari za mtu, aligeuka. "Miguu hapana choka. Mdomo ndiyo nachosha miguu." Mambo mengi aliyoyasema yalikuwa namna hiyo, mafupi na ya kuudhi, na nimekuja kuyasikia yakitoka kinywani mwangu nikiwaambia wanangu.

Alfajiri moja tulikunja kona tukakuta tembo watatu wamesimama njiani. Sajini akanguruma, "Simama!" Nikasimama kama nguzo. Ni amri pekee niliyowahi kuitii bila kuuliza swali. Tulikaa hivyo mpaka tembo wakaona hatuna maana, wakaingia kwenye mkonge. Ndipo nilipogeuka kumtafuta mkuu wangu, nikamkuta nyuma yangu kabisa, ameishika kanga yangu kwa mikono miwili.

"Sajini, ulikuwa mbele."

"Askari najificha kwa ukuta," akasema bila haya. "Wewe ni ukuta nzuri."

Siku hiyo unene wangu ulimfaa mtu.

Sisemi alikuwa mtu mnyoofu kama alivyojifanya. Alinihubiria juu ya sukari kila siku, lakini Jumamosi moja nilizunguka nyuma ya vibanda vya soko nikamkuta amechuchumaa kwenye kivuli, kipande cha muwa kinywani, macho ameyafumba kwa utamu. Makapi yalikuwa yamejaa miguuni pake. Nikamsimamia tu, mikono kiunoni. Alifumbua jicho moja. "Hii hapana sukari," akasema. "Hii ni mti." Na mtu huyu huyu, aliyesema amepigana nchi za mbali, nilipomwomba anisindikize hospitali kupimwa presha, aliona sindano ya mgonjwa mwingine ikitayarishwa, akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali. Niliporudi nilimkuta nje amekaa kwenye tuta la maua, akijipepea kwa kofia.

Mji nao haukukaa kimya. Mwanamke na mwanamume wakitembea pamoja alfajiri, watu hawahitaji kuambiwa zaidi. Sajini alikuwa na mke kwao Ukambani aliyekuwa akilima, na maneno ya mji yalipomfikia Sajini masikioni aliyamaliza kwa namna yake. Jumapili, watu wakitoka kanisani, alinipitisha mbele ya mlango wa kanisa kwa mwendo wa kijeshi, yeye akipaza sauti, "Kushoto! Kulia! Inua goti, Mama Hoteli!" mimi jasho likinitoka na kitambaa cha kichwa kimelegea. Baada ya aibu ile hakuna aliyeweza kuamini kwamba palikuwa na mapenzi.

Lakini shida iliyo kubwa zaidi ililetwa na kukonda kwenyewe. Nguo zilipoanza kunipwaya, wateja walipungua. Mpishi akikonda, watu wanajiuliza kuna nini chunguni. Kisha kina mama wa kanisa wakanijia watatu, wamebeba kuku, mayai na chupa ya samli.

"Dada," akasema aliyewaongoza, "tumekuona unaisha, na husemi. Tumekuja tuombe."

"Siumwi. Nafanya mazoezi nipande kwetu nikamwone mama."

Wakatazamana. "Ndiyo, dada," akanijibu kwa upole wa kumjibu mgonjwa, "lakini acha tuombe."

Wakaomba, na waliomba kwa nguvu. Nilimla yule kuku kwa siku tatu, na Sajini alipoona mifupa akasema adui sasa anapita mlango wa nyuma.

Mwezi wa tano wa mazoezi ulipofika, magoti yalikuwa yamenyamaza. Sajini akasema naweza kujaribu mlima. Alinipa sharti moja: niende na fimbo, basi. Maji ningeyanywa kijitoni.

Sasa nitamweleza vipi mtu asiye wa kwetu? Miaka minne hujakanyaga kwa mama yako, halafu uingie mlangoni na fimbo? Mkono mtupu haulambwi. Majirani wangesema nini, binti wa mwenye hoteli kubwa kule Voi? Usiku ule nilipakia kikapu. Nilitia sukari, mchele, majani ya chai, doti ya kanga, kopo la mafuta ya kupikia. Nikafikiri, nikaongeza mikate miwili na chupa ya mafuta ya taa. Kila nilichoongeza nilikiona ni kidogo.

Kabla hakujakucha Sajini alinifikisha chini ya mlima. Mwanga ulipotoka alikitazama kikapu.

"Hiyo nini?"

"Ni vya mama."

"Acha hapa."

"Sajini, kwetu binti haendi mikono mitupu."

"Mimi nimefundisha mwili moja. Hapa naona mbili."

"Basi hujui desturi," nikamwambia, nikajitwika.

Nilingojea anifokee. Hakunifokea. Uso wake ulibadilika, akawa kama mtu aliyeumwa na jino ghafla, akageuka akarudi Voi peke yake. Sikuelewa, na kwa ukaidi wangu sikutaka kuelewa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijito cha kwanza nilikivuka nikijisifu. Cha pili nilikivuka kwa magoti na mikono. Nusu ya njia, mahali penye jiwe kubwa ambapo watu hupumzika, niliketi na sikuweza kuinuka. Shingo ilikuwa moto, kifua kimefunga, na juu niliyaona mapaa ya kwetu kabisa, karibu kiasi cha kusikia jogoo. Nililia pale kwa hasira. Wanawake waliokuwa wakipanda kutoka sokoni walinikuta, wakanipa maji, wakagawana vitu vyangu wavipeleke. Mimi nikashuka nimejikokota kwa fimbo.

Siku ya tatu kaka alikuja hotelini. Hakuketi.

"Mama anasema sukari ameipata," akasema. "Wewe hajakupata."

Kisha akasema kwamba mama ameanza kushindwa kumtofautisha mtu na mtu akiwa amesimama mbali. Nilikuwa nakanda unga wa mahamri. Niliendelea kukanda muda mrefu baada ya kaka kuondoka, na mahamri ya siku ile yalikuwa magumu hayalainiki hata kwa chai.

Sajini alipokuja asubuhi iliyofuata nilijiandaa kutukanwa. Alikula yai lake. Akanywa uji wake. Akasema, "Wiki sita tena," na akavaa kofia.

Wiki zile sita zilikuwa za tuta la reli. Alinipandisha na kunishusha kwenye lile tuta mpaka wafanyakazi wa stesheni wakawa wanatusalimu kwa kutupigia saluti. Hakuzungumzia kikapu hata mara moja. Siku ya kupanda alinisindikiza tena mpaka chini, akanikagua viatu, akanikagua viganja kama mwalimu anayekagua kucha, akavua kofia yake na kusimama kando ya njia.

Mikono mitupu ina uzito wake. Kila niliyekutana naye njiani alinisalimu, kisha macho yake yakashuka kutafuta nimebeba nini. Niliona aibu mpaka kwenye jiwe kubwa. Nilipolipita jiwe lile, aibu iliniisha, kwa sababu nilihitaji pumzi kwa mambo mengine. Jua lilipofika utosini niliingia uani kwetu, nguo zimelowa jasho.

Mama alikuwa ndani akichagua maharagwe kwa vidole. Niliita hodi. Aliinuka, akaja, hakuniuliza swali. Alinishika kidevu, akanivuta mpaka mlangoni penye mwanga, akanisogeza uso karibu na wake, akatazama. Alitazama paji la uso, mashavu, kovu dogo la utotoni. Mimi nilikuwa nalia, yeye hakulia.

"Umezeeka," akasema. Kisha mkono wake ukashuka ukanipapasa mbavu, akashtuka. "Na nani huko chini anakunyima chakula?"

Alimwita kaka akamate jogoo saa ile ile. Hakuna aliyeitazama mikono yangu. Macho ya mama yalifungika kabisa mwaka uliofuata, lakini aliishi baada ya hapo miaka sita, nami nilipanda kila mwezi, na hakuna furaha niliyowahi kuipata inayokaribia ile.

Sajini alihama Voi muda si mrefu baadaye, akaenda kukaa kwa mwanawe huko Mraru, kwenye barabara ya Taveta. Salamu zake nilizipata kwa wasafiri. Kazi za hoteli zilinishika, halafu msiba wa mama, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla sijaenda kumwona. Nilimkuta barazani kwenye kiti kikubwa. Sikumtambua. Alikuwa amenenepa! Tumbo lilimjaa mapajani na miguu ilikuwa imemvimba juu ya kandambili. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa mpishi mzuri, maskini, na alimpenda.

Tulicheka sana. Nilimpa habari za mama, jinsi alivyonivuta mlangoni, kwa kuwa sikuwahi kumsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, na kicheko kikafutika usoni mwake.

"Mimi pia nilikuwa na mama," akasema. "Kila nikipata likizo nasema, hapana, sijapata kitu ya kumpelekea. Kwanza nipate blanketi. Nikipata blanketi, naona ni aibu, sajini mzima, acha nipate mabati ya nyumba yake. Nikapata mabati. Nimefika na lori chini ya kilima, nakutana na watu. Wananiambia tumemzika, mwezi wa nne sasa." Alijifuta uso kwa kiganja. "Mabati niliacha hapo kwa njia. Mimi sikupanda. Mpaka leo kaburi yake sijaona."

Nikaelewa kwa nini siku ile ya kikapu aligeuka akaondoka. Niliona uchungu, na niliona pia hasira, kwa sababu mtu aliyenifikisha kwa mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti anamaliza siku zake.

"Hicho kilima ni kirefu?" nikamuuliza.

"Hapana kama yako. Lakini angalia hii tumbo."

"Nimeliona. Simama."

"Mimi nachukua amri ya raia?"

"Simama, Sajini."

Alishika nguzo ya baraza, akajaribu mara mbili, akasimama. Mkwe wake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akabaki mdomo wazi. Tulitembea mpaka barabara kuu, yeye akihema, mimi kando yake. Nilimwambia kwamba hoteli sasa inaendeshwa na binti yangu, kwamba nitakaa Mraru wiki nzima, na kwamba nikirudi Voi mkwe wake atajua la kufanya. Alipumzika chini ya mgunga wa kwanza, akapumzika tena kwenye wa pili, na hapo akaketi juu ya jiwe akatazama barabara.

"Nikifika pale kwa kaburi," akasema, "nitamwambia nini, miaka yote hii?"

"Mwambie umefika."

Kisha akanipa mkono nimwinue, tukaendelea kutembea.